Laptopu imelala haiamki: jinsi ya kuisaka draiva inayoharibu usingizi

Kuna maalim mmoja hapa Langoni, Lamu, anafundisha ng'ambo ya Mokowe, kila asubuhi anavuka na boti, laptopu iko ndani ya mkoba ameifunga kifuniko tu hajaizima, akifika anaifungua anaendelea pale alipoachia. Sasa ikaanza vituko, siku nyingine inaamka vizuri, siku nyingine taa inawaka na feni inazunguka lakini skrini nyeusi, kibodi haisikii, mpaka ashikilie kitufe cha pawa izime kabisa na kazi yote ya usiku iende na maji. Alishaipeleka kwa fundi mmoja mji mwingine akaambiwa bodi imeliwa na chumvi ya bahari, anunue nyingine. Ndo akaniletea, "Mwanangu, kabla sijatoa pesa hebu nitazamie." Nikamwambia maalim niachie siku tatu.

Bodi ilikuwa nzima. Shida ilikuwa draiva ya waifai (programu ndogo inayoiendesha kadi ya waifai), tena mistari michache tu ndani yake. Naandika hapa njia yote niliyopita manake naona mashine nyingi sana za mtumba zinahukumiwa kufa na hazijafa, na mtu wa hapa pesa ya bodi mpya haiokoti barabarani. Mashine yake ilikuwa na Linux, kwa hivyo kila kamandi hapa chini ni ya Linux, na nyingi zinataka uwe root, yaani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote.

Kabla hujagusa kitu hifadhi kazi zako zote, nakili mafaili muhimu pembeni, manake majaribio haya yatagandisha mashine mara kadhaa. Usiruke hii.

Kwanza ujue kulala ni nini

Ukifunga kifuniko, mashine haizimi umeme wote kwa pigo moja. Kerneli, yaani moyo wa Linux wenyewe, inaanza kwa kugandisha programu zote, brauza, muziki, kila kitu kinasimama pale kilipo, na programu zikikataa kusimama ndani ya sekunde 20 kerneli inaghairi safari. Programu zikishatulia ndo inaanza kupita kifaa kwa kifaa, na kwa kila kifaa inaiita draiva yake inaiambia laza kitu chako. Kerneli yenyewe haijui kadi ya waifai inalazwaje, wala kadi ya sauti, anayejua ni draiva. Kwa hivyo draiva moja tu ikifanya kazi yake vibaya mashine nzima inakwama, hata kama nyingine zote mia zimefanya sawa.

Na kuna mpangilio. Mtoto analala kabla ya mzazi, yaani flashi ya USB inalala kabla ya kontrola ya USB iliyoibeba, na kontrola inalala kabla ya njia ya PCI (inayounganisha kadi na prosesa) iliyo juu yake. Ni kama boti ikifika gatini, abiria wanashuka kwanza ndo boti ivutwe ifungwe, huwezi kuipandisha boti pwani na watu wamo ndani. Kuamka ni kinyume, boti inateremshwa majini kwanza, abiria wanafuata. Draiva inayojaribu kuongea na kifaa chake wakati mzazi bado amelala haipati jibu.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi wanaliruka na ndo lilikuwa ugonjwa wa maalim. Kulaza hakufanyiki kwa mzunguko mmoja, kunafanyika kwa mizunguko. Kuna `prepare`, alafu `suspend`, alafu `suspend_late`, alafu `suspend_noirq`. Kila mzunguko unapita vifaa vyote ndo unaanza unaofuata. Kuamka ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, `resume_noirq`, `resume_early`, `resume`, mwisho `complete`. Kati ya `suspend_late` na `suspend_noirq` kerneli inazima intarapti za vifaa, yaani ile hodi ambayo kifaa kinampigia prosesa kusema nina kitu chako njoo uchukue. Zinazobaki wazi ni chache tu, kama zile za kuamsha mashine. Maana yake wakati wa `suspend` ya kawaida mlango bado uko wazi na hodi bado zinapigwa. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya 1: jua mashine yako inalala usingizi gani

```
cat /sys/power/state
cat /sys/power/mem_sleep
```

Ya kwanza itakuonyesha maneno kama `freeze mem disk`. Ya pili inaonyesha `s2idle` na pengine `deep`, lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. `deep` ndo ule usingizi mzito, kumbukumbu ya RAM peke yake inabaki na umeme na karibu kila kitu kingine kinazimwa, watu wa ACPI (kanuni za kuongoza umeme wa kompyuta) wanauita S3. `s2idle` ni usingizi mwepesi, prosesa iko pale imetulia tu na kila draiva inatakiwa iteremshe matumizi ya kifaa chake yenyewe, kwa hivyo draiva mbaya kwenye `s2idle` pengine haigandishi mashine ila inakula betri usiku kucha na unaikuta mkobani ina joto kama mkate wa mofa. Laptopu nyingi za siku hizi zina `s2idle` peke yake. Ya maalim ilikuwa ya zamani, ina `deep`.

Ukiwa na zote mbili jaribu kubadilisha, `echo s2idle > /sys/power/mem_sleep`, uilaze uone. Ikiamka kwenye moja na kukwama kwenye nyingine ushapata dalili, ingawa si jibu.

Hatua ya 2: ilaze nusu nusu

Hii ndo naipenda kuliko zote na sijui kwa nini mafundi hawaitumii. Kerneli ina kipimo kinaitwa `pm_test` (kama faili halipo kerneli yako imejengwa bila vipimo vya usingizi, tafuta nyingine), unaiambia ianze safari ya kulala lakini ikifika kituo fulani isimame sekunde 5 alafu igeuze irudi yenyewe.

```
echo freezer > /sys/power/pm_test
echo mem > /sys/power/state
```

Ikirudi salama, panda ngazi: `devices`, alafu `platform`, alafu `processors`, alafu `core`. Kila ngazi inafika mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Ikikwama `freezer` ni programu fulani, si draiva. Ikikwama `devices` ni draiva, hapo huna haja ya kushuku bodi wala fimwea ya mashine (programu iliyowekwa ndani ya bodi yenyewe). Ikipita zote na usingizi wa kweli bado haurudi, basi shida iko upande wa fimwea ya mashine au namna kifaa kinavyoamshwa baada ya kukosa umeme kabisa. Ukimaliza rudisha `echo none > /sys/power/pm_test`, ukisahau utashangaa mashine hailali tena.

Usijaribu mara moja ukatosheka. Ya maalim ilipita `devices` mara nne mfululizo, ya tano ikaganda. Kama ningesimama ya nne ningesema draiva hazina makosa nikaanza kulaumu bodi kama yule fundi.

Hatua ya 3: ifanye iseme ilipofika

Kwenye mstari wa kuwashia kerneli (kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux) ongeza `no_console_suspend` na `initcall_debug`. La kwanza linaacha skrini ya maandishi iwe hai wakati vifaa vinalazwa, la pili linafanya kerneli itaje kila draiva inapoitwa na ilipomaliza imechukua muda gani. Kama hutaki kuwasha upya kuna `echo 1 > /sys/power/pm_print_times` inayofanya hiyo kazi ya pili. Alafu `echo 0 > /sys/power/pm_async`, hii inalazimisha vifaa vilazwe kimoja baada ya kingine badala ya vingi kwa pamoja, maandishi yanasomeka. Fanya haya ukiwa kwenye konsoli ya maandishi, Ctrl+Alt+F3, si kwenye desktopu.

Mashine ikiganda, piga picha skrini kwa simu. Mstari wa mwisho unakuambia iliganda ikimlaza nani. Lakini sikiliza vizuri hapa, aliyetajwa mwisho si lazima awe mwenye makosa. Mimi kwa maalim mstari wa mwisho ulikuwa kontrola ya USB, nikapoteza jioni nzima na USB, kumbe waifai ilikuwa imetajwa juu yake kidogo ikasema imemaliza salama, `returned 0`, na yeye ndo alikuwa ameacha balaa nyuma.

Kama skrini inazima mapema huoni kitu, kuna `echo 1 > /sys/power/pm_trace` kwa mashine za x86 (zenye prosesa za Intel au AMD). Inaandika alama ya kila hatua ndani ya saa ya mashine, ile inayoendeshwa na betri ndogo, manake hiyo haipotei ukizima kwa nguvu. Ikiganda, izime uiwashe ndani ya dakika 3 na kerneli ile ile, alafu `dmesg | grep -i 'hash matches'`, itakutajia faili na kifaa. Tarehe ya mashine itakuwa imevurugika, irekebishe kabla hujaingia intaneti la sivyo tovuti zitakukataa cheti.

Na kama kulala kuligoma tu bila kuganda, yaani mashine ilijaribu ikarudi yenyewe, tazama ndani ya `/sys/power/suspend_stats/`, kuna `last_failed_dev` inayokupa jina la kifaa. Hii kawaida ni draiva iliyorudisha `-EBUSY` (nina kazi, siwezi kulala), kerneli ikiona hivyo inaghairi na inawaamsha wote iliokuwa imeshawalaza.

Hatua ya 4: mtoe mshukiwa uone

`lspci -k` inakuonyesha kila kifaa cha PCI na draiva inayokiendesha. Toa moja kwa `modprobe -r jina_la_draiva` alafu ilaze mara nyingi, usikae kubonyeza mwenyewe:

```
for i in $(seq 20); do rtcwake -m mem -s 20; sleep 15; done
```

Hiyo inailaza sekunde 20, saa inaiamsha, inapumzika, inarudia mara 20. Bila waifai mashine ya maalim ilipita zote 20. Ikiwa na waifai ilikufa mara ya 3. Hapo nikajua nimemshika.

Kwa mtu ambaye hataki kugusa kodi (maandishi ya programu yenyewe), unaweza kuishia hapa. Weka faili ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/`, lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`:

```
#!/bin/sh
case "$1" in
  pre)  modprobe -r jina_la_draiva ;;
  post) modprobe jina_la_draiva ;;
esac
```

Draiva inatolewa kabla ya kulala na kurudishwa baada ya kuamka. Ni dawa ya kutuliza, waifai inachelewa kidogo kurudi, lakini mtu anafanya kazi yake.

Hatua ya 5: fungua draiva yenyewe

Mimi sikutaka kumrudishia maalim kiraka. Draiva ile haikuwa ya kerneli, ni ya kupakuliwa, kwa hivyo kodi ilikuwa pale pale kwenye mashine. Nikatazama `/proc/interrupts` nikaona kitu, waifai na kontrola ya USB wako kwenye mstari mmoja wa intarapti, wanachangia. Kwenye kompyuta za zamani hilo ni la kawaida na si kosa. Ni kama nyumba mbili za Mkomani zenye daka moja, hodi ikipigwa pale kila mmoja anatoka kutazama kama mgeni ni wake.

Fanksheni ya `suspend` ya draiva ile ilikuwa inaita yenyewe `pci_set_power_state` kuipeleka kadi D3, usingizi mzito wa PCI. Ilifanya hivyo kwenye mzunguko wa `suspend`, mlango ukiwa bado wazi. Kadi imelala, sasa mtu akitikisa mausi, kontrola ya USB ambayo bado haijalazwa inapiga hodi, kerneli inawaita wote wawili watazame, draiva ya waifai inaenda kusoma rijista ya hali (kisanduku kidogo ndani ya kadi kinachosema ina kazi gani) kwenye kadi iliyolala. Kifaa cha PCI kilicho D3 hakijibu, na kusoma pasipo na jibu kunakurudishia biti zote moja, `0xffffffff`. Draiva ikaona biti zote zimewaka ikadhani ina kazi ya kila aina, ikaingia kwenye `while` ya kufanya kazi mpaka hali iwe sifuri, na sifuri haiji kamwe. Prosesa imenaswa pale. Ndo maana ilikuwa siku inaamka siku haiamki, ilitegemea kama mausi ilitikisika katika ule upenyo mdogo, na maalim alikuwa anaifunga upesi upesi boti isimwache, mausi bado imechomekwa.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza, kwenye fanksheni ya intarapti, ukisoma biti zote moja ujue hodi si yako, kadi imelala au haipo:

```
hali = readl(k->regs + HALI);
if (hali == 0 || hali == ~0u)
        return IRQ_NONE;
```

La pili, ndo lenyewe, ni kuacha kuilaza kadi kwa mkono. Kiini cha PCI cha kerneli kinajua kuhifadhi mipangilio ya kadi na kuipeleka D3 kwenye mzunguko wa `noirq`, hodi zikiwa zimeshazimwa. Draiva inachotakiwa ni kumtuliza mtoto tu:

```
static int kadi_suspend(struct device *dev)
{
        struct kadi *k = dev_get_drvdata(dev);

        kadi_simamisha_foleni(k);
        cancel_work_sync(&k->kazi);
        kadi_zima_dma(k);
        writel(0, k->regs + IRQ_RUHUSA);
        synchronize_irq(k->irq);
        return 0;
}
```

Fuata mpangilio huo. Kwanza zuia kazi mpya isiingie, alafu subiri zilizokuwa njiani ziishe, manake ukisubiri kabla hujazuia nyingine itaingia nyuma yako. Alafu zima DMA, njia ya kadi kufika kwenye RAM bila kupitia prosesa, isije ikaandika kwenye RAM wakati mashine inajiandaa. Alafu funga intarapti ya kadi yako, na `synchronize_irq` ihakikishe hakuna fanksheni ya intarapti iliyo katikati ya kazi.

`resume` irudishe kwa kinyume, na hapa usidhani kifaa kinakumbuka kitu. Baada ya usingizi mzito rijista nyingi ni tupu, fimwea ya kadi imepotea, lazima upakie upya kama vile ndo mashine inawashwa. Fimwea iombe kwa `request_firmware` kama kawaida, kerneli huwa imeshaiweka akiba kwenye kumbukumbu kabla ya kulala, lakini draiva inayojaribu kusoma faili lake mwenyewe au kuita programu ya nje wakati wa `resume` itangoja sana, programu zote bado zimegandishwa.

Mwisho unaziunganisha, kwenye kerneli kuanzia 5.17 iko hivi:

```
static DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS(kadi_pm, kadi_suspend, kadi_resume);
```

na kwenye `struct pci_driver` unaweka `.driver.pm = pm_sleep_ptr(&kadi_pm)`. Kerneli za zamani zina `SIMPLE_DEV_PM_OPS`. Kama draiva yako ni ya USB njia ni nyingine, `suspend`, `resume` na `reset_resume` zinakaa kwenye `struct usb_driver`.

Ikiwa shida ni kuamka ovyo

Hii nitapita haraka. Kama mashine inaamka yenyewe mkobani, `cat /sys/power/pm_wakeup_irq` mara tu ukiifungua, namba hiyo ilinganishe na `/proc/interrupts` utajua nani aliyeiamsha. `cat /proc/acpi/wakeup` inaorodhesha wenye ruhusa ya kuamsha, ukiandika jina ndani ya faili hilo hilo, mfano `echo XHC > /proc/acpi/wakeup`, ruhusa inageuka, iliyokuwa imewashwa inazima. Au kwa kifaa kimoja, andika `disabled` kwenye faili lake la `power/wakeup` chini ya `/sys`. Haya yanapotea ukiwasha upya, yaweke kwenye skripti.

Na usichanganye kulala kwa mashine nzima na kile cha kifaa kimoja kulala huku mashine iko macho, hicho kinaongozwa na `power/control`. Pale neno `on` maana yake kifaa kisilale kamwe, na `auto` ndo kinaruhusiwa kupumzika kikiwa hakina kazi. Wengi wanaandika `on` wakidhani wamewasha kuokoa betri, wamefanya kinyume chake. Kwa sisi ambao stima ikikatika jioni unabaki na betri hiyo hiyo mpaka irudi, hilo neno moja lina thamani.

Baada ya kujenga draiva upya niliiendesha ile luupu ya mara 20 huku natikisa mausi kwa makusudi kila inapoanza kulala, alafu nikairudia usiku kwa mara 200 na pm_async nimeirudisha 1 kama ilivyokuwa. Zote zilipita. Asubuhi nikampelekea maalim gatini kabla boti haijaondoka, akaifunga, akaifungulia ng'ambo, akanipigia simu kutoka Mokowe kuniambia imeamka na ukurasa wake uko pale pale.